Picha ya Sifuri

Mgeni alipopiga hodi, Msusi hakuitika. Si kwa jeuri. Mlango wa saluni ulikuwa upande wake wa kushoto, na sikio lake la kushoto lilikuwa halifanyi kazi tangu utotoni. Mteja aliyekuwa akisukwa ndiye aliyenyoosha kidole, naye Msusi akageuka, chanuo mdomoni.

"Karibu, dada. Unasuka au unaosha?"

"Hapana, namtafuta mama. Yule mpigapicha."

Mpigapicha mwenyewe alikuwa pembeni, chini ya draya iliyoharibika, akikunja taulo. Ndiyo kazi aliyojipa tangu astaafu: kukunja taulo za saluni ya binti yake na kusikiliza wateja wakisengenya watu. Wachezaji wa zamani walimwita Mama Golini, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuketi nyuma ya goli na kamera, enzi ambazo mashabiki walimuuliza kama amepotea njia ya sokoni. Jina likamganda. Hata mkwewe alimwita hivyo alipokuwa na furaha, na mkwewe alikuwa na furaha karibu muda wote, jambo lililomchosha mkewe.

Mgeni akaamkia, akakaa kwenye ukingo wa benchi, akajieleza. Yeye ndiye mtunza picha wa gazeti, anayeshinda na makabati ya picha za zamani. Alikuwa na adabu nyingi, adabu ya mtu aliyetumwa na habari asiyoipenda.

"Uwanja umekarabatiwa, mama, nadhani umesikia. Unafunguliwa Jumamosi. Pale lango kuu wanaweka picha moja, ukuta mzima. Wamechagua ile ya golikipa."

Nani asiyeijua ile ya golikipa? Ilikuwa kwenye kalenda, kwenye fulana, kwenye kuta za vinyozi. Golikipa amefungwa mapema kabisa, watu hawajakaa vizuri. Wenzake wameshika viuno, wapinzani wanakumbatiana huko nyuma, na yeye amepiga goti ndani ya wavu, anautoa mpira kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemnyanyua mtoto aliyelala. Ukiitazama husumbuki kuuliza nani alishinda.

"Mungu mkubwa!" Msusi akaweka chanuo chini. "Mama, umesikia? Ukuta mzima!"

"Nimesikia."

"Kwa hiyo mnakaribishwa," mgeni akasema, akitoa kadi mkobani. "Kiti chako kipo, mama. Upande wa wadau wa zamani."

Msusi aliipokea kadi kabla mama yake hajanyoosha mkono. Akaisoma, midomo ikicheza. Akairudia tena.

"Hapa wameandika picha ni ya Mkuu wa Picha. Yule mzee, bosi wa mama gazetini. Na ndiye atakayekata utepe?"

"Ndivyo inavyosema bahasha iliyohifadhi filamu, dada. Jina ni lake."

"Jina ni lake, na kidole kilichobofya ni cha nani?"

Mteja kwenye kiti akatulia tuli, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Hakuna kinachonoga kama ugomvi usiokuhusu. Mgeni alitazama sakafu.

"Mimi nimesikia maneno ya watu wazima pale ofisini," akasema. "Wanasema aliyepiga ni wewe, mama. Lakini siwezi kubadilisha bahasha kwa maneno ya kusikia. Kama mna kitu, chochote kile, nileteeni kabla ya Alhamisi jioni. Kibao kinakwenda kuchapwa."

Akainuka kuaga. Mlangoni akasimama.

"Halafu kuna kitu kimenisumbua. Mwanzoni mwa filamu ile, kabla ya picha ya kwanza, pana nusu picha iliyokatwa vibaya, kwa mkasi wa mshazari. Unaonekana unyayo wa mtoto mdogo, basi. Nimeuliza ofisi nzima, hakuna anayeujua."

Mama Golini alikuwa ameshakunja taulo ya mkononi. Akaikunjua, akaanza upya.

"Taka za filamu hizo," akasema. "Kila filamu mwanzoni ina taka."

*

Alisema kweli, na papo hapo alidanganya. Zama zile za filamu, ukishaivalisha kwenye kamera, mwanzo wake unakuwa umeshaunguzwa na mwanga. Ilibidi ubofye hewa mara moja au mbili mpaka kihesabu kifike namba moja, ndipo picha zianze. Wapigapicha wengine walibofya dari au viatu vyao. Mama Golini hakuweza. Aliivalisha filamu nyumbani, kwenye kizingiti, akiwa njiani kwenda uwanjani, na yeyote aliyekuwepo mlangoni alipigwa: mumewe na povu la sabuni kidevuni, jirani aliyefuata chumvi, na mara nyingi binti yake, akilia asiachwe. Picha hizo zilitoka nusu mtu, nusu weupe mtupu. Ofisini zilikatwa na kutupwa sakafuni. Yeye aliziokota, akazitia kwenye kopo la biskuti. Mwenyewe aliziita sifuri.

Kopo hilo lilikuwa chini ya kitanda chake miaka yote, na hakuna aliyewahi kulifungua, kwa sababu kila aliyeliona alijua fika kwamba kopo la biskuti la mwanamke mtu mzima lina sindano na nyuzi.

Wakati wa kula, mkwewe, ambaye ni fundi wa majokofu, aliisimamisha kadi katikati ya meza.

"Mama Golini, ukikata utepe wewe, mimi navaa suti."

"Suti gani?" mkewe akamuuliza.

"Ya kuazima. Kwani suti inajua ya nani?"

"Hebu nyamaza. Mama, una kitu gani cha kuwaonyesha wale?"

"Sina."

"Hata kikaratasi?"

"Kikaratasi cha nini, mwanangu? Beji ilikuwa moja, ya Mkuu. Mwanamke hakupewa beji. Nilipita getini na beji yake, getini wakaandika jina la beji, gazetini wakaandika jina la beji. Yeye yuko jukwaa la wakubwa anakula, mimi niko chini golini. Ndivyo ilivyokuwa."

"Na wewe ukakubali!"

"Nilitaka kuingia uwanjani," Mama Golini akasema, kama anayeeleza bei ya nyanya. "Picha ipo, watu wanaiona. Kula, chakula kinapoa."

Msusi hakula. Alikuwa na hasira za watu wa kazi ya mikono, hasira zisizotulia mpaka zipate cha kushika. Akasukuma sahani.

"Kesho nafunga saluni asubuhi. Tunakwenda kwa Mkuu, mimi na wewe. Akatae mbele ya macho yangu."

*

Mkuu aliwapokea vizuri mno. Alikuwa mzee safi, shati limepigwa pasi mpaka mikono, anatembea kwa fimbo, sebuleni kwake makochi yamevishwa vitambaa vya kufumwa. Ukutani alipanga picha akipeana mikono na wakubwa. Katikati ya zote, kwenye fremu ya dhahabu, golikipa alikuwa anautoa mpira wavuni.

"Shikamoo, mzee," Msusi akasema.

"Marahaba, binti. Karibuni, karibuni! Mama Golini! Wewe huzeeki. Mnakunywa nini?"

Wakanywa soda. Wakaulizana habari za wagonjwa na marehemu, kama inavyotakiwa. Msusi alikuwa akimbana mama yake kwa goti, na mama yake alikuwa akisogeza goti. Mwisho Msusi akachoka na adabu.

"Mzee, tumekuja kwa ajili ya ile picha."

"Ah, hamkuwa na haja hata ya kusema!" Mkuu akainuka kwa fimbo, akaenda kabatini, akarudi na nakala ya golikipa na kalamu ya wino mzito. "Kila mtu ananijia kuitaka. Ngoja niwatilie saini."

Akatia saini pale pale, kwa mkono wa mtu aliyezoea, herufi kubwa zenye mikia. Kisha akampa Mama Golini picha yake mwenyewe. Naye aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante.

Msusi akainuka, akaenda kusimama ukutani, mgongo kwao, ili asitukane mtu mzima nyumbani kwake. Mkuu akamsemesha kutoka upande wa kushoto, mara ya kwanza na ya pili, akimuuliza kazi za saluni zinaendaje. Msusi kimya.

"Binti yako ana maringo siku hizi."

"Hasikii upande huo," Mama Golini akasema.

"Ala! Tangu lini?"

"Tangu siku ya picha hiyo. Ilikuwa homa. Ilimkaa kichwani siku nzima."

Mkuu akafunga kifuniko cha kalamu. Kilikataa kuingia, akakijaribu tena.

"Jioni ile uliniomba ruhusa uende nyumbani," akasema taratibu.

"Nilikuomba."

"Nikakwambia uoshe filamu kwanza, gazeti linasubiri. Mwanzo wake nikakukatia mimi mwenyewe, haraka haraka."

"Ndiyo, mzee."

"Sikujua kama ni jambo kubwa."

"Hata mimi sikujua."

Soda zikaisha gesi. Kwa kitambo kidogo Mkuu alikuwa mtu mwema. Ilionekana usoni, jambo zuri lilimkaribia kabisa. Kisha akaitazama fremu ya dhahabu na wakubwa waliokuwa pembeni yake.

"Lakini watu wameshazoea, Mama Golini. Nikisema sasa, wajukuu wangu wataniangaliaje? Waambie waandike jina langu, halafu chini yake, kwa msaada wako. Hapo tutakuwa tumeelewana, au sio?"

Njiani Msusi alitembea mbele, akarudi, akatembea mbele tena.

"Umeipokea! Ameisaini, na wewe umeipokea kwa mikono miwili!"

"Sasa ningemwachia mkononi? Wino wenyewe ulikuwa mbichi."

"Mama, usinichekeshe, nimekasirika. Unaogopa nini? Yule mzee wa fimbo? Niambie tu, unaogopa nini?"

Mama Golini akakiweka sawa kitambaa chake cha kichwani, wakaendelea kutembea.

Hakuwa akimwogopa Mkuu. Aliogopa sifuri moja. Asubuhi ile ya mechi binti alikuwa ameamka anachemka, mumewe amemlaza kwenye mkeka karibu na mlango apate hewa, kitambaa cha maji kipajini. Mumewe alimwambia, mke wangu, leo usiende. Naye akasema nitarudi mapema. Akapiga goti kizingitini, akavalisha filamu, binti akamwangalia, naye kwa mazoea ya mkono akabofya. Akaenda zake. Aliporudi, mtoto alikuwa hospitali, na sikio limeshakwenda. Baadaye mtoto alipouliza, baba mtu, kwa huruma yake, alimwambia: "Homa ilipokuja, mama yako alikuwa ameshaondoka." Uongo huo ukawa kama samani ya nyumba. Baba alikufa akauacha, na mama akaendelea kuutumia.

Sasa ili jina lake liandikwe ukutani, ilimpasa auvunje kwa mkono wake.

*

Alhamisi mchana saluni haikuwa na mtu. Msusi alikuwa anafagia nywele. Mama Golini akatoka chumbani na kopo la biskuti, akalikalia benchi, upande wa kulia wa mwanawe.

"Acha ufagio, mwanangu. Njoo ukae."

"Umechana nguo?"

"Njoo."

Akafungua kopo. Msusi alitegemea nyuzi, akaona vipande vya filamu vimejaa mpaka juu, vyeusi, vimejikunja. Mama yake hakutafuta. Alichukua kimoja kilichokuwa peke yake kwenye karatasi ya chai, akakifuta kwa pindo la kanga, akampa. Kilikuwa kimekatwa mshazari upande mmoja.

"Kishike kwenye mwanga."

Msusi akakielekeza dirishani. Kwenye filamu vyeusi huwa vyeupe na vyeupe huwa vyeusi, lakini mtu akijitazama hujijua. Mkeka. Mkono wa mwanamume umeshika bakuli. Mtoto amelala ubavu, kitambaa kipajini, macho wazi, yanamtazama aliyemtazama. Mguu mmoja haukuwepo, mkasi uliupitia.

"Ule unyayo wa kule ofisini," Msusi akasema.

"Ni wako." Mama Golini alikuwa amelishika kopo kwa mikono yote miwili. "Baba yako alikwambia nilikuwa nimeshaondoka. Sikuwa nimeondoka. Nilikuona unaumwa, nikakupiga picha, nikaenda. Ndiyo hiyo. Nimeona aibu miaka yote hii, mwanangu. Ukitaka kitupe, kitupe. Mimi jina hilo nimeishi bila kuwa nalo."

Msusi aliendelea kukishika kipande kwenye mwanga. Gari lilipita nje, chupa za mafuta ya nywele zikatetema kwenye rafu.

"Kwani unadhani sikujua?" akasema.

"Ulijua nini?"

"Mama, nilikuwa macho. Si unaona macho hayo? Nilikuona umepiga goti, nikadhani unakuja kunibeba. Halafu nikasikia kacha. Ile kacha ya kamera yako. Ndiyo sauti ya mwisho ninayoikumbuka kwa sikio hili."

Mama Golini akalifunika kopo.

"Baba aliponiambia ulikuwa umeshaondoka, nikaona anataka niamini, basi nikaamini. Alikuwa anahangaika, maskini. Na wewe ukanyamaza, nikasema sawa, na tunyamaze." Akakishusha kipande. "Nilikuchukia, mama. Kila siku ya mechi nilikuchukia. Halafu unarudi na vumbi la uwanja, unanuka jua, nakukimbilia. Nilikuwa najichukia pia kwa kukukimbilia."

"Nisamehe, mama yangu."

"Hebu niache kwanza." Akajifuta uso kwa aproni iliyojaa nywele, akapiga chafya, akacheka bila kutaka. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida: "Lakini ile ya golikipa si goli la mwanzo kabisa? Ulipoipata, mbona hukurudi nyumbani?"

"Sikujua kama ndiyo hiyo," Mama Golini akasema. "Filamu huijui mpaka uioshe. Nilikaa mpaka mwisho nikitafuta picha, kumbe ninayo. Nilipomwona ameunyanyua mpira vile, nilikukumbuka wewe. Ndiyo maana nilibofya. Hakuna jingine."

Msusi akakirudisha kipande kwenye karatasi ya chai, akaikunja vizuri, akaitia kifuani, mahali anapoweka mauzo ya siku. Akavua aproni.

"Vaa viatu. Wanafunga ofisi."

*

Mtunza picha aliwasha meza ya taa, akautoa mkanda kwenye bahasha yenye jina la Mkuu, akaulaza. Nusu picha yenye unyayo. Kisha picha ya kwanza, golikipa. Msusi akatoa karatasi ya chai kifuani. Mtunza picha akakisogeza kipande kwa ncha ya kibanio, polepole, mpaka mshazari ukakutana na mshazari. Unyayo ukapata mguu. Mguu ukapata mtoto.

"Haya basi," mtunza picha akasema kwa sauti ndogo. Akamtazama Msusi, akatazama meza, akamtazama tena. "Haina haja hata ya kuuliza."

Akachukua bahasha mpya, akaandika. Mama Golini alimwomba arudie herufi moja, haikukaa vizuri.

"Kibao nitakibadilisha leo leo. Na hii picha kubwa, mama, tunaitoa yenyewe kama kawaida? Huu mwanzo ulioungua nikate?"

"Usikate kitu," Mama Golini akasema. "Kimeshakatwa mara moja. Weka mkanda kama ulivyo."

"Hata huo weupe?"

"Hata weupe."

*

Jumamosi Mkuu hakuja. Alituma salamu kwamba presha imempanda, na inawezekana kweli ilimpanda. Fundi wa majokofu alikuja na suti ya kuazima, mikono mifupi, akamwambia kila aliyemsogelea kwamba yeye ndiye mkwe. Watu wa itifaki walihangaika na mkasi mpaka mmoja akakumbuka kumpa Mama Golini. Akakata utepe kwa pigo moja lililonyooka, watu wakapiga makofi, kitambaa kilichofunika ukuta kikaanguka.

Golikipa alijaa ukuta, chini mpaka juu. Upande wake wa kushoto, mrefu kama yeye, alikuwa mtoto kwenye mkeka, nusu yake imemezwa na mwanga, na mstari wa mkasi umempitia mguuni kama kovu. Watu hawakujua pa kutazama kwanza. Msusi alisimama mbele kabisa, shingo juu, mikono kifuani. Mama yake alikuwa nyuma yake hatua moja.

Mwanamke mmoja mwenye tiketi mkononi akajipenyeza, akasimama kushoto kwa Msusi.

"Dada, samahani. Golikipa namjua. Na huyu mtoto ni nani?"

Msusi hakusikia. Aliendelea kutazama ukuta. Mwanamke akasubiri, akaanza kuona amedharauliwa.

"Ni huyu huyu unayemuuliza," Mama Golini akasema, na sauti yake ilitoka kubwa, watu wakageuka. "Ni binti yangu. Alikuwa na homa. Nikampiga picha, nikamwacha, nikaja hapa uwanjani."

Msusi alipoona nyuso zote zimemgeukia, akamtazama mama yake.

"Umesema nini?"

Mama Golini akazunguka, akaja upande wa kulia, akamshika mkono, akayarudia yote.